Tuma na ya Kutoa

Hadithi yangu ya kwanza kuuzwa mtandaoni ilipungukiwa na shilingi moja tu ili iwe pesa. Sisemi kwa mafumbo, ni hesabu. Sehemu moja nauza shilingi 20. Siku ya kwanza walinunua watu watatu, simu ikasoma 60. Kwa wakala wa M-Pesa hutoi chini ya shilingi 50, na ukitoa hiyo 50 unakatwa 11. Jumla 61. Nilisimama mbele ya kibanda cha wakala pale Kondele, simu mkono mmoja na kitambulisho mkono mwingine, binti aliyekuwemo akanitazama kwa huruma ya mtu aliyezoea kuona wanaume wakikosa vitu vidogo.

"Huna hata moja ya kuongeza?"

Sikuwa nayo. Naam, ningeweza kununua kitu moja kwa moja kwa simu. Lakini pesa ya kwanza ya sanaa mtu hutaka kuishika, aikunje, aitie mfukoni, kisha aitoe tena aiangalie.

Kazi yangu ya mchana ni saiba. Nachapa barua, nadurufu vyeti, nawajazia watu ritani za kodi usiku wa tarehe 30 Juni wakati mtandao umelemewa na kila mtu anahema, na zaidi ya yote natengeneza programu za mazishi. Mteja wa mwisho akitoka, nateremsha shata nusu na kuandika. Hadithi yenyewe inaitwa "Mizani ya Nyar Alego". Ni ya mchuuzi wa samaki pale ufuo wa Dunga, mama mcheshi, mkarimu, mwimbaji wa kwaya, ambaye kidole gumba chake huwa na uzito wa gramu 150 kila kinapokaribia mizani.

Kwa asiyejua, kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikozaliwa. Nyar Alego ni binti wa Alego, Nyar Asembo ni binti wa Asembo. Niliona jina hilo ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mabinti wa Alego walioolewa Kisumu ukiwapanga mstari wataanzia Dunga na kuishia soko la Kibuye. Nani angejua ni yupi? Zaidi ya hayo, sikuwa na yeyote akilini. Nilikuwa nimebuni.

Bei niliipanga kwa chapati. Chapati ya mtaani kwetu ni shilingi 20, nikafikiri kwamba mtu anayekula mbili asubuhi anaweza kusamehe moja kwa ajili ya fasihi. Nilikosea. Rafiki wa kwanza alijibu, "Omera, hongera sana! Nitumie basi." Nikamtumia namba ya kulipia. Akanirudishia kikaragosi cha kucheka. Wa pili alisema nimtumie kwanza asome, ikiwa tamu atalipa. Mtu huyu nimemwona kwa macho yangu akimaliza ngege mzima kando ya ziwa, na sikumsikia akimwambia mwenye kibanda kwamba atalipa akifika kwenye mifupa na kuridhika. Wa tatu ni binamu yangu aliye Doha, akauliza kama ndugu wana punguzo. Punguzo la shilingi 20, kwa mtu anayelipwa riyali! Wa nne alituma shilingi 10 na maneno, "Nipe nusu."

Nilimpa nusu. Biashara ni biashara.

Sehemu ya tatu niliitoa saa tatu usiku. Saa nne kasorobo simu ikalia: shangazi yangu, ambaye sisi humwita waya, ametuma kitu katika kundi la ukoo. Juu kumeandikwa kwamba kimesambazwa mara nyingi. Nikafungua. Ilikuwa sehemu ya tatu. Jina langu halipo, mahali pake pameandikwa "Mwandishi hajulikani", na mwishoni, baada tu ya Nyar Alego kufuta kisu na kutabasamu, mkono wa mtu nisiyemjua umeongeza: "Tuma kwa watu kumi kabla ya alfajiri upokee muujiza wako. Amina." Chini yake waya akaniandikia mimi binafsi: "Soma huyu, nyathina. Huyu ndiye mwandishi. Wewe endelea na hizo programu zako."

Niliitafuta Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nikaisoma kwa hasira. Sheria ile inanipenda. Inalinda kazi yangu maisha yangu yote, na nikifa inaendelea kuilinda miaka 50 mingine. Kaburini nitakuwa salama kabisa. Zilizonishinda ni zile dakika 45 za kwanza.

Ndipo nilipomwonea wivu marehemu Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyeanzisha kampuni yake ya uchapishaji na duka lake la vitabu hapa hapa Kisumu miaka ya 1980. Shida zake zilikuwa nyingi, sikatai, lakini kitabu kilikaa rafuni. Kukiiba kulihitaji koti kubwa, moyo mgumu na mlango ulio karibu. Leo kuiba hadithi kunahitaji kidole kimoja, na mwizi hajui kama ameiba. Yeye anajua amesambaza baraka.

Kijana anayenisaidia saiba akanishauri. "Bosi, watu hawasomi siku hizi. Wanatazama." Basi jioni moja tukaenda Dunga na simu yake, nikasimama kwenye daraja la mbao, ziwa nyuma yangu, shati limepigwa pasi, nikaanza kusoma sehemu ya nne kwa sauti ya redio. Nilikuwa nimefika pale mteja anapomwambia Nyar Alego, "Mama, inua mkono," nikafungua kinywa kwa ajili ya jibu lake. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi wa jiko lililogoma kuwaka walikuwa wanapita wakati huo huo. Sijui waliingia wangapi. Nilikohoa, nikayumba, nikashika bango lililokuwa pembeni, bango likanishika mimi, na kijana yule, Mungu amsamehe, hakuzima simu.

Video hiyo ya sekunde 19 ilitazamwa na watu 6,000. Maoni yalikuwa mengi. Mmoja aliuliza ladha. Mwingine aliuliza sehemu ya pili ya mdudu itatoka lini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Nyar Alego alijibu nini.

Mtandao wenyewe nao una masharti: ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo wakuwekee matangazo ya kukulipa. Nikapiga hesabu. Watu 6,000 kwa sekunde 19 ni saa 31 na ushei. Ili nitimize saa zilizobaki ningehitaji kurudi Dunga mara 126, kila mara kinywa wazi. Na hapo bado kodi. Mwaka 2023, Mswada wa Fedha ulipopendekeza asilimia 15 ya mapato ya wabunifu wa mtandaoni, mimi nilipinga hadi sauti ikakauka, na sheria ilipopita ikiwa asilimia 5 nikawanunulia watu soda. Wakati huo nilikuwa sijauza hata sentensi moja. Soda zile hadi leo ndizo gharama yangu kubwa zaidi katika sanaa.

Kisha wakaja akina Nyar Alego.

Wa kwanza alifika Jumanne asubuhi, leso kiunoni, magamba ya samaki yakimetameta kwenye viganja. Alisubiri saiba iwe tupu, akaniinamia mezani. "Nyathina, nani amekuambia habari za mizani yangu?"

"Mama, hiyo ni hadithi tu."

"Hadithi imejuaje kidole?"

Wa pili alikuja mchana na swali lilo hilo. Wa tatu hakuja. Alikuja mume wake, ambaye hakuwa na ugomvi na mimi ila alitaka kujua kama gramu hizo zote zilikuwa zinafika nyumbani. Kufikia Ijumaa walikuwa watano, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akinong'ona, kila mmoja ameisoma bure pamoja na muujiza wake. Mimi niliyedhani nimetunga hadithi, kumbe nimefanya ukaguzi.

Yule wa kwanza, kabla hajatoka, aliuliza: "Na umepata pesa ngapi kwa kuniharibia jina?" Nikamweleza habari ya 60 na 61, na shilingi moja iliyonikosesha noti. Alicheka hadi akashikilia mashine ya kudurufu. "Kidole changu peke yake kinakushinda mapato," akasema.

Aliyenifungua macho ni mteja wa programu ya mazishi. Mzee mmoja, Jaduong' kama tuitavyo kwetu, mpiga gitaa wa benga siku zake, alikuja nimwandikie wasifu wa marehemu kaka yake. Nikamtajia shilingi 1,500. Akatoa hapo hapo. Hakuomba sampuli, hakuomba nusu, hakusema atalipa akishalia na kuridhika. Kitu alichokagua mara tatu, miwani puani, ni jina lake mwenyewe kwenye orodha ya ndugu. Nikamlalamikia kuhusu hadithi. Akacheka polepole.

"Wewe unauza kusikia," akasema. "Watu wa huku hawalipi kusikia. Wanalipa kutajwa."

Akanikumbusha pakruok, ambayo nimeiona tangu utotoni bila kuiona. Muziki umepamba moto, mtu anainuka, anausimamisha, anatoa pesa, anajisifu, anasifu ukoo wake na marafiki zake na ng'ombe wao, kisha muziki unaendelea hadi atakapoinuka mwingine. "Wimbo ni wavu tu uliotandazwa mchangani," akasema Jaduong'. "Majina ndiyo omena."

Usiku ule ule nikatoa tangazo. Kutajwa, shilingi 100. Kusifiwa, 300. Kutenganishwa rasmi na mhusika mwingine mwenye jina kama lako, 200. Chini yake kwa herufi kubwa: TUMA NA YA KUTOA. Sijawahi kuona simu ikilia namna ile. Nyar Alego wa kwanza alituma 300 mizani yake iwe sawa. Wa pili alituma 300, akaongeza 50 kwa ajili ya gauni jipya. Yule mume alilipa 200 ijulikane kwamba yeye siye yule mume. Waya, aliyekuwa amegundua yule "Mwandishi hajulikani" ni nani, alituma 100 na maombi.

Sehemu ya nane ikatoka. Mizani zote ziko sawa. Samaki wote wabichi. Wachuuzi watano wenye jina moja wanaamkiana kwa heshima kurasa sita mfululizo, wote wembamba, na mume mmoja anapita kwa mbali akiwa si yule. Ilisomeka kama kumbukumbu za mkutano wa chama, isipokuwa katika chama huwa kuna angalau mtu mmoja ambaye hajalipa. Waliotajwa walisoma mistari yao wakafunga. Wanunuzi wangu wa shilingi 20, waliokuwa wamefika 14, wakarudi watatu.

Jumamosi nikaenda Dunga kununua mbuta, kilo moja. Nyar Alego wa kwanza alinichangamkia, akanikatia kipande kizuri cha tumboni, akakiweka kwenye sahani ya mizani. Kidole gumba kikabaki ukingoni, kimetulia kama mzee aliyeegemea fimbo. Mshale ukasimama kwenye moja kamili. Nikakiangalia kidole. Naye akaniangalia nikikiangalia.

"Mama," nikasema, "si ulinilipa 300 niandike mizani iko sawa?"

"Ndiyo," akasema, akifunga samaki kwenye gazeti. "Ulilipwa kuandika. Hukulipwa kuangalia."

Karibu na saiba kuna duka la nafaka lenye mizani ya betri. Nikaomba nipime. Gramu 850.

Nilirudisha pesa zote za sifa, na ada ya kutuma juu yake, hadi simu ikasoma sufuri. Waya peke yake alikataa. Alisema yake ilikuwa sadaka, nikamnunulia kifurushi cha intaneti aendelee kusambaza baraka. Kisha nikateremsha shata nusu, nikaandika sehemu ya tisa. Ndani yake kidole kimerudi mahali pake, ukingoni mwa sahani, na yupo mteja mjinga aliyelipwa asiangalie.

Niliitoa saa tatu usiku, nikakaa nikiitazama simu. Saa tatu na nusu ikaingia 20. Saa nne kasorobo, wakati wa muujiza, ikaingia 20 nyingine. Nilikuwa nazima taa iliposikika tena. Shilingi 21. Nyuma yake ujumbe mfupi kutoka namba ninayoijua vizuri sana:

"Hiyo ya juu ni ya kutoa. Kidole kiache. Lakini wembamba wangu urudishe."

Asubuhi yule binti wa Kondele alinikabidhi noti ya 50 bila huruma yoyote. Niliikunja, nikaitia mfukoni, nikaitoa tena nikaiangalia. Kisha nikanunua chapati mbili.