Chumba cha Tatu

Jana mchana, huko Tabata, mama mwenye nyumba alisukuma mlango wa chumba cha tatu ukanigonga utosini. Nilikuwa nimelala chali sakafuni, mikono kifuani.

"Anaumwa?" akamuuliza dalali.

"Ni mpangaji, mama."

"Mh."

Nilikuwa napima. Tuliambiwa vyumba vitatu, kimoja masta. Masta ipo kweli, choo na bafu humohumo. Cha pili kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hicho cha tatu nilikishuku kuwa ni stoo iliyopandishwa cheo, na kwa kuwa hatukuwa na futi kamba, dalali akashauri nijilaze: ukitosha wewe, kitanda kinatosha. Nilitosha, ila kwa magoti yaliyokunjwa na mlango uliofungwa. "Sasa bro, watoto wana urefu huo?" akaniuliza.

Kodi laki sita kwa mwezi, lakini hakuna anayeipokea kwa mwezi. Unalipa miezi sita mbele, milioni 3.6, halafu unaongeza mwezi wa dalali, mwezi ambao halali mtu: milioni 4.2 taslimu. Hapo sijataja elfu ishirini ya kuoneshwa, hairudi hata ukioneshwa stoo. Na ustadi wao, jamani! Dalali aliyekupokea stendi hana funguo. Funguo anazo mwenzake, ambaye naye hamjui mwenye nyumba, anamjua anayemjua. Ule mwezi mmoja wanaugawana wote. Mgawo wenyewe huuoni. Unachoona ni wanaume watatu wanaokutabasamia ngazini.

Kuna na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo ni la mama, lakini anayenunua umeme ni mimi. Nilipouliza kama nitarudishiwa, wakacheka wote wanne.

Nyumba nyingine tulizofuata si afadhali. Ya Sinza maji hutoka usiku wa manane. Ya Kimara dalali alishampa mtu mwingine tukiwa njiani.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni mdomo wa mwenye nyumba. Hapo sicheki tena. Nani kazini kwenu alishalipwa mshahara wa miezi sita mbele? Waheshimiwa wabunge, pigeni marufuku kodi ya nusu mwaka. Mishahara inatoka kila mwezi. Na kodi ilipwe kila mwezi.