Punda Mmoja, Wamisionari Wawili

Tarehe 25 Agosti 1846, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walihamia Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kuanzisha misheni. Wote wawili walikuwa wanatetemeka kwa homa, na punda alikuwa mmoja. Ikabidi wapokezane: huyu amepanda, yule anajikongoja, na wa chini akishindwa kabisa, wanabadilishana. Wazee wa Rabai nao ni wa kuhurumiwa. Waliahidiwa walimu, wakaletewa wagonjwa.

Homa yenyewe haikuwa ya kuchekea. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kumzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Wajerumani hawa wawili, wenyeji wa Württemberg waliotumwa na chama cha misheni cha Waingereza, CMS, hawakuja kutalii. Ila maisha ya misheni hayakuwa misiba mitupu. Yalijaa vituko vya kila siku, na bahati nzuri Krapf aliviandika, hata vile ambavyo mwingine angevificha.

Kazi ya kwanza ya aliyekuja kufundisha ilikuwa kufundishwa. Krapf alipotaka kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa Ali bin Muhyidin, kadhi wa Mombasa. Yaani Mkristo aliyekuja kuwaongoa watu wa pwani alikaa chini na kadhi wa Kiislamu, ili Adamu na Hawa watoke na Kiswahili kinachoeleweka. Kadhi alimsaidia na akabaki Mwislamu wake.

Mwaka 1848 ikawa zamu ya Rebmann kutembea. Alikusudia kwenda Uchagani, akipita nyika yenye simba na wavamizi, na silaha yake ilikuwa mwavuli. Bwana Kheri, kiongozi wa msafara aliyezijua njia zile, aliona ni mzaha: mtu anaingia bara na mwavuli! Hata hivyo haukuwa upuuzi mtupu. Walitoka mwishoni mwa Aprili, na mtu wa pwani yeyote anajua Aprili ni masika.

Mwavuli ulimfikisha. Tarehe 11 Mei aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni, akatambua ni theluji, akaandika hivyo. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Macho ya Rebmann, kwa maoni yake, hayakuwa ya kuaminiwa. Rebmann alikuwa ameponea simba, na sasa anang'atwa na msomi aliyeketi kwenye kiti chake. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda mlima huo mpaka zaidi ya mita 4,000, theluji ikamwangukia yeye mwenyewe. Hata hapo Cooley aliendelea kubisha.

Safari ya pili ilimpa Rebmann moyo. Mamkinga, mangi (yaani chifu) wa Machame huko Uchagani, alimpokea vizuri na kumwahidi kumsaidia asonge mbele hadi Unyamwezi. Basi Aprili 1849 Rebmann akarudi kwa mpango kamili: watu wapatao thelathini, mizigo ya nguo na shanga, na imani tele. Mwavuli ulimpitisha salama. Mizigo ndiyo iliyomponza. Mangi alikuwa na hamu kubwa na zile nguo, akazichukua kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, hata vya safari ya Unyamwezi vikamalizikia Machame. Rebmann alilia machozi. Siku ya kuaga, kwa desturi ya Wachaga wa wakati ule, alitemewa mate ya baraka, na hata mate hayo yalitakiwa kulipiwa.

Mtu akisoma habari hii haraka anaweza kumwona Mamkinga kuwa mlafi. Lakini mgeni aliyebeba mali nyingi, anayepita kwako kwenda kwa wengine, angepokewaje?

Krapf naye alipata yake mwaka 1851 huko Ukambani. Alikuwa akisafiri na Kivoi, mkuu wa Kitui, waliposhambuliwa karibu na mto Tana. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, Krapf akajikuta peke yake nyikani. Alijaza maji kwenye mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi. Vichaka vikang'oa nyasi, maji yakamwagika. Kiu ilipozidi, akasikia makelele ya nyani, akaufuata ule mwito na kukuta maji kwenye shimo walilochimba mchangani. Akaifunga baruti kwenye leso ili pembe iliyokuwa na baruti ipate kubeba maji. Kisha, kwa njaa, akala gao la baruti hiyo hiyo pamoja na machipukizi ya mti. Tumbo lake halikupendezwa.

Aliporudi pwani alikuta habari za kifo chake zimekwisha kumtangulia.

Mpango wake mkubwa ulikuwa mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii hadi ya magharibi. Lakini mavuno yalikuwa haba. Mwaka ule wa 1851, Mringe, mtu mlemavu wa Rabai, alibatizwa akiwa karibu kufa. Alikuwa mwongofu wao wa kwanza, miaka mitano baada ya yule punda. Mhasibu angefunga kituo. Rebmann hakufunga, alibaki bila kurudi Ulaya hata mara moja mpaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu.

Krapf mwenyewe alirudi Ulaya mwaka 1853, afya imemshinda, lakini hakukoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alikuja tena pwani na vijana wanne, kuwaanzishia Wamethodisti misheni huko Ribe. Watatu kati yao hawakuchelewa kurudi kwao. Wa nne, Thomas Wakefield, alibaki zaidi ya miaka ishirini.