Mwezi wa Watu Weusi Mkoani Pwani: Mwongozo kwa Asiyejua Anakokwenda

Ndugu mgeni, karibu. Tumesikia umeshuka na wazo la kutuletea Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, na kwamba utaanzia Kibaha na Kisarawe kwa kuwa ramani inakuonyesha zote mbili ziko jirani na Dar es Salaam. Wazo si baya. Ila utakuta nafasi yake imeshakaliwa na mambo mengine, kwa hiyo soma mwongozo huu kabla hujachapisha tisheti.

Tuanze na walengwa. Huko utokako, mtu mweusi ni wa kutafutwa na kuhesabiwa. Hapa Maili Moja, Kibaha, saa kumi na mbili asubuhi, mweusi ni kondakta, abiria, trafiki, muuza karanga na kibaka aliyekwishaondoka na simu yako. Ukitangaza kwa spika kwamba mwezi huu ni wa watu weusi, watakuuliza kwa upole kama kuna mgao. Usicheke. Jibu haraka kwamba hakuna, maana ukichelewa kidogo mtendaji wa mtaa ameshaanza kuandika majina.

Halafu huo mwezi wenyewe. Ukitokea Marekani umekuja na Februari. Ukitokea Uingereza umekuja na Oktoba, maana wenzetu wa huko waliuanza mwaka 1987 na wakachagua mwezi wao. Mkikutana kamati moja, malizaneni hukohuko hotelini. Oktoba kwetu ina tarehe 14, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, na ratiba imejaa. Februari nayo ina tarehe 5, siku chama tawala cha CCM kilipozaliwa mwaka 1977. Bendera yako ya nyekundu, nyeusi na kijani ukiitundika wiki hiyo, kwa kijani utapongezwa na kwa nyekundu utaulizwa umetumwa na nani.

Kwa nini Februari, basi? Hili ulijue, maana wenyeji watakuuliza na "ndiyo utaratibu" halitawatosha. Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alichelewa shule kwa kuchimba makaa ya mawe, kisha akasoma hadi akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912. Aliona vitabu vya shule vya nchi yake vimeandikwa kana kwamba watu wake walikuja kubeba mizigo tu, hawakuwahi kufikiri. Mwaka 1926 akaanzisha wiki moja, si mwezi. Akaiweka Februari kwa sababu Weusi wa Marekani walikuwa tayari wakiadhimisha siku za kuzaliwa za Abraham Lincoln, tarehe 12, na Frederick Douglass, tarehe 14. Ulikuwa ujanja wa mtu anayewajua watu wake: hakuwatungia sikukuu mpya, aliwakuta kwenye kumbukumbu yao akaingiza kitabu mlemle. Wiki hiyo ikaja kuwa mwezi rasmi mwaka 1976, chini ya Rais Gerald Ford, miaka 26 baada ya Woodson kufariki. Kumbe hata huo mwezi unaotuletea hakuuona.

Sasa ukitaka kumfuata Woodson kwa dhati, uliza wenyeji hukumbuka nini Februari. Kila mwaka kule Songea, mkoani Ruvuma, watu hukusanyika mwishoni mwa mwezi huo kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji, kwa sababu tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi wa Wangoni na kuwazika katika kaburi la pamoja. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapohapo akaomba msamaha. Kwa hiyo Februari ya historia ya weusi tunayo, ina makaburi na ina wajukuu. Ila haina tisheti zako, na ndiyo maana hukuisikia.

Utasema Songea ni mbali na wewe umekuja Pwani. Sawa, tuingie Kibaha.

Pale Kwa Mfipa utaonyeshwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Ilifunguliwa Februari 2022, kwa hiyo kamati yako itaipenda. Ni ya vyama sita vilivyopigania ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, na ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Onyo: hiyo ni shule ya makada, si makumbusho. Usisimamishe basi la wanafunzi getini ukauliza kiingilio ni shilingi ngapi. Upande wa Tumbi utaonyeshwa Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa miaka ya 1960 kwa fedha za nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Ni mahali pa heshima. Wametoka hapo madaktari na wahandisi wengi. Lakini mtu mwenye macho ataona kwamba historia ya Kibaha wanayoonyeshwa wageni ina wafadhili wawili, na mwenyeji aliyekuwa akilima muhogo pale kabla ya wote hao huingia kwenye risala, kama akiingia, mstari wa mwisho, pamoja na shukrani kwa waliotuandalia chakula.

Na risala itakuwepo. Sherehe yako itapangwa saa tatu na itaanza saa sita, mgeni rasmi akiwa njiani tangu saa nne. MC atasema itifaki imezingatiwa, kisha atatumia nusu saa kuizingatia. Kikundi cha ngoma kitacheza juani mbele ya meza kuu iliyo kivulini. Watoto wa darasa la tano watakariri shairi kuhusu Martin Luther King, na hakuna atakayewauliza Kibasila ni nani. Picha ya pamoja, bahasha za nauli, kwisha. Mwakani itarudiwa na bango lilelile, mwaka ukiwa umebandikwa karatasi.

Hapo kwenye Kibasila usipite haraka. Ukiuliza jina hilo Dar es Salaam utaelekezwa daladala, maana ni shule ya sekondari na wengi wanaishia hapo. Kibasila alikuwa jumbe wa Uzaramo, nchi hiihii ya Kisarawe. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kuwaamuru majumbe wa pwani wafungue mashamba ya pamba ya shuruti. Mwanakijiji aliacha shamba lake akalime la serikali, na malipo yalipofika yalikuwa madogo kiasi kwamba kuna waliokataa kuyapokea. Kibasila alikuwa miongoni mwa waliopinga pamba hiyo. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, Wajerumani wakamnyonga. Mtoto wa Maneromango, hapahapa Kisarawe, anaweza kumaliza shule akijua majina ya mameneja wa timu ya Arsenal kwa mfuatano na asijue hili lililompata babu wa babu yake.

Kwa hiyo utakwenda Kisarawe. Ukipitia Pugu, punguza mwendo: hapo ndipo Nyerere alipofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh, somo mojawapo likiwa historia, hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya chama cha TANU. Mwalimu wa historia aliyeacha kuifundisha akaenda kuitengeneza. Kamati yako inaweza kupata maudhui ya wiki nzima hapo na isilipe hata senti kwa picha.

Onyo kubwa kuliko yote kuhusu Kisarawe: usishuke na daftari mkononi. Utadhaniwa dalali wa mashamba. Ardhi huku inanunuliwa na watu wa mjini kwa kasi, na kila mgeni anayeuliza "hapa zamani palikuwa pa nani?" anaonekana ana pesa mfukoni na nia moyoni. Kaa kwanza. Salimia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatafuta ekari ngapi?"

"Sitafuti shamba, babu. Natafuta habari za zamani."

"Aa. Hizo nazo zina mpaka. Utaanzia kwa nani?"

Hilo ni swali la kitaalamu kuliko lolote utakaloulizwa kwenye kongamano lako. Jiandae nalo.

Kuna hoja nyingine utakutana nayo, na italetwa na kijana mwenye bando. Atakwambia Morgan Freeman, mweusi mwenyewe, aliwahi kusema kwenye televisheni mwaka 2005 kwamba mwezi huo ni upuuzi, kwamba historia yake haiwezi kubanwa ndani ya mwezi mmoja. Usibishane naye kwa hasira. Ana nusu ya haki. Mwambie tu kwamba Pwani tunawajua watu wanaosali Ramadhani peke yake, na msikiti uliokuwa na safu mbili unafurika hadi barabarani. Hakuna shehe aliyewahi kupendekeza Ramadhani ifutwe kwa sababu yao. Anachofanya ni kuuliza, mwezi wa Shawwal ukiandama, wamekwenda wapi.

Woodson naye alikuwa na maoni hayohayo. Kwake ile wiki ilikuwa ya kuonyesha kilichosomwa mwaka mzima, na alitamani siku ifike isihitajike tena. Kwa mtu ambaye vitabu vya nchi yake vimemfuta, mwezi kama huo ni haki na ni silaha. Kwetu hali ni nyingine: vitabu ni vyetu, wizara ni yetu, na mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima na kwa Kiswahili. Hatujafungiwa mlango na mtu. Tukimsahau Kibasila, tumemsahau wenyewe, na hapo mwezi wa kuigwa utatufaa kwa jambo moja tu: kuficha kwamba miezi mingine hatukufanya kitu.

Je, uondoke na maboksi yako? Hapana. Hukumu ya mwongozo huu ni kwamba mwezi wako una faida, ila umeushika kwa ncha isiyo sahihi. Ghairi keki. Punguza bango. Fedha ya tisheti inunue madaftari na vinasa sauti vichache, wapewe wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe, na kila mmoja atumwe kwa bibi au babu yake mwenyewe, maana huyo hatamuuliza ekari ngapi. Waandike habari za pamba, za majumbe, za nani alilima wapi kabla ya viwanja kupimwa. Watakachokipata wakisome mbele ya watu Februari, mgeni rasmi awepo au asiwepo.

Ila kwa mpango huo kazi haianzi Februari. Njoo Machi.