Namna ya Kukaa Kitako Mbele ya Katuni Isiyo na Rangi

Kwanza usimwite fundi. Televisheni yako ni nzima, simu haijaingiwa na maji, na hakuna kitufe cha kubonyeza ili rangi irudi. Unachokiona ni kazi ya watu waliokuwa na wino, karatasi, kamera na subira, wakavitembeza vitu visivyo na miguu. Vumilia dakika tano tu. Ya sita utakuwa umeshasahau kwamba kuna kitu kinaitwa rangi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayemjua Goku kama unavyomjua binamu yako, uliyemmaliza Naruto hadi kipindi cha mwisho, na bado hujaona katuni hata moja ya Kijapani iliyotengenezwa kabla bibi yako hajazaliwa. Hilo si kosa. Kosa ni kumaliza kusoma hapa kisha ukalala bila kutazama hata moja.

Anza na upanga butu. Mtu hafundishwi kuogelea kwenye mkondo, na wewe usianze na filamu ya saa nzima. Iko moja ya dakika nne, Namakura Gatana, yaani Upanga Butu, aliyoitengeneza Junichi Kouchi mwaka 1917. Samurai mmoja, macho yamemtoka, amenunua upanga na anawashwa kuujaribu kwa wapita njia. Anamvizia kipofu, anaambulia teke. Mwisho wa yote upanga umepinda na mwenyewe hoi. Basi, imekwisha. Utacheka kicheko kilekile alichocheka mtu wa Tokyo miaka zaidi ya mia iliyopita, na hapo utakuwa umeshaingia ndani.

Ila jua unachokitazama ni manusura. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa liliipiga Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, na filamu za siku zile ziliwaka kama kibiriti. Kilichosalia kikaja kukutana na mabomu ya vita. Namakura Gatana yenyewe ilihesabiwa kuwa imepotea kwa miongo mingi, mpaka nakala yake ilipookotwa katika soko la vitu vya kale mjini Osaka, ikasafishwa na kuonyeshwa upya mwaka 2008. Kwa hiyo ukiona mikwaruzo na madoa yanayoruka kwenye picha, usilalamike. Yaangalie kama unavyoangalia makunyanzi ya mzee aliyekuja kukusalimu.

Sasa teua msimulizi. Hili nalitilia mkazo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea: wanatazama filamu bubu kwa ukimya, peke yao, halafu wanasema inachosha. Japani hakuna aliyezitazama hivyo. Kando ya skrini alisimama benshi, mtu wa kuisimulia filamu papo kwa papo, akigeuza sauti kuwa ya mzee, ya mtoto, ya paka, akiongeza chumvi alipoona inahitajika. Watu walikata tiketi kwa ajili ya benshi wao, filamu ikawa ya pili. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa, alikuwa akila kwa kazi hiyo.

Na sisi tunamjua mtu huyu! Tanzania tulimsikiliza Lufufu, Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda ma-VJ wamejaa kila kona. Yeyote aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza anajua kwamba sauti ya msimulizi ndiyo iliyomfanya ailipie ile filamu ya Kichina mara ya nne. Basi nyumbani kwako mchague mmoja. Awe shangazi mwenye maneno, au mdogo wako anayeiga sauti za walimu. Mpe Kobu-tori ya Yasuji Murata, ya mwaka 1929, hadithi ya mzee mwenye nundu shavuni anayecheza ngoma mbele ya majitu ya msituni. Majitu yanaichukua nundu yake, na jirani mwenye tamaa akienda kujaribu bahati anarudi na nundu mbili. Shangazi hahitaji kusoma herufi moja ya Kijapani. Ngano hii anaijua, ni wahusika tu waliobadili majina.

Ukishaizoea mikato ya Murata, ambaye alikata vikaragosi vya karatasi kwa ustadi hata unadhani vimechorwa, mtafute Noburo Ofuji na Kujira yake ya mwaka 1927, filamu ya vivuli vitupu. Kisha usikae sana hapo. Mlo mkuu haujaja.

Mlo mkuu ni Kumo to Churippu, yaani Buibui na Tulipu, ya Kenzo Masaoka. Dakika kumi na sita, mwaka 1943. Zima taa kwa hii, weka simu nyingine mbali, na aliyepika ugali auache jikoni kwanza. Mdudu kibibi, msichana mdogo mwenye sauti ya shule ya chekechea, anaimba juani. Buibui anamwona, anamwimbia naye, anambembeleza aje apumzike kwenye utando wake unaoning'inia kama machela. Mtoto anakataa. Ua la tulipu linamfungulia petali zake na kumficha ndani. Buibui kwa hasira analizungushia ua nyuzi, tabaka juu ya tabaka, mpaka limefungwa kama kifurushi.

Halafu inakuja mvua.

Ningependa uirudie sehemu hii mara tatu. Mara ya kwanza fuata hadithi tu. Mara ya pili tazama matone: yanavyokusanyika kwenye jani, yanavyolemea, jani linavyoinama, tone linavyoponyoka na jani kurudi juu. Kuna mtu alikaa mezani akachora hayo moja baada ya jingine, wakati nchi yake iko vitani na kila kitu kinapelekwa jeshini. Mara ya tatu tazama kijivu. Masaoka hana nyeusi na nyeupe tu, ana kijivu cha mawingu, kijivu cha maji, kijivu cha shina lililolowa, na radi inapopiga vyote vinatoweka kwa nukta moja. Buibui anang'ang'ania uzi wake, upepo unamrusha huku na kule, na mwisho maji yanamchukua. Asubuhi ua linafunguka. Katika filamu nzima hakuna askari, hakuna bendera. Mwaka 1943!

Jambo moja lazima nikwambie kabla hujaliona mwenyewe. Buibui yule ana uso mweusi, midomo mikubwa na kofia ya majani, ile sura ya waigizaji wazungu wa Marekani waliojipaka masizi ili kuwadhihaki Weusi. Sura hiyo ilisafiri dunia nzima pamoja na filamu za Hollywood, na Japani iliipokea kama ilivyoipokea jazi. Mimi huumia kila ninapomwona. Pia huendelea kutazama, na watoto nikiwa nao nawaeleza waziwazi ile sura imetoka wapi na ilikuwa na kusudi gani. Nakushauri nawe ufanye hivyo.

Filamu inayofuata itakutaka moyo zaidi. Momotaro: Umi no Shinpei ya Mitsuyo Seo ilitoka tarehe 12 Aprili 1945, dakika 74, katuni ya kwanza ya Kijapani yenye urefu wa filamu kamili, na aliyeiagiza ni Wizara ya Jeshi la Majini. Momotaro ni mtoto wa ngano aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi. Hapa amefanywa kamanda wa wanyama wanajeshi. Ni propaganda, tena isiyojificha: mwishoni watoto wanacheza kuruka kutoka mtini na kutua juu ya ramani ya Marekani iliyochorwa ardhini.

Kwa nini basi uitazame? Kwa sababu ya darasa. Wanajeshi wamefika kisiwa cha kusini, wamekusanya wanyama wa pale, na mbwa anawafundisha herufi. A, i, u, e, o. Wanyama hawaelewi, wanapiga kelele, darasa linavurugika, mpaka kinanda cha mdomo kinapoanza na somo linageuka wimbo. Wanafunzi wanaimba silabi huku wakifua na kupika kwa ajili ya jeshi. Wimbo ni mtamu. Utajikuta unautikisia kichwa, maana irabu zile tano ndizo zetu, a, e, i, o, u, zimebadilishwa mpangilio tu. Ni zile tulizoimba vidudu tukiwa na kaptula.

Na hapo ndipo utashtuka. Mtazamaji wa Paris anaweza kuliona darasa lile kama mchezo mzuri wa wanyama. Sisi tunalijua kutoka upande wa pili wa ubao. Tunajua maana yake mgeni anapofika na bunduki mkono mmoja na chaki mkono wa pili, na tunajua pia kwamba wimbo aliotufundisha unaweza kuwa mtamu kweli. Ajabu zaidi, filamu hiyohiyo ina kipande cha vivuli, kizuri kuliko vyote, kinachosimulia jinsi Wazungu walivyokuja kwa hila na kukinyang'anya kisiwa kutoka kwa mfalme wake. Mtawala mmoja anasimulia wizi wa mtawala mwingine, naye amekaa palepale penye kiti cha yule wa kwanza. Sijui katuni nyingine inayomfaa zaidi mtu wa huku kwetu kuitazama kwa makini.

Siku zile Osaka ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, na katika ukumbi uliokaribia kuwa mtupu alikaa kijana wa miaka kumi na sita, Osamu Tezuka. Alilia. Akajiapiza kwamba siku moja naye atatengeneza katuni. Filamu yenyewe ikaja kudhaniwa imepotea, hadi nakala ilipopatikana miaka ya 1980 katika ghala la kampuni ya Shochiku. Mwaka 2016, ikiwa imesafishwa, ilionyeshwa Cannes.

Kijana alitimiza kiapo. Tarehe 1 Januari 1963 Tetsuwan Atom ilianza kwenye televisheni, kila wiki, na ikaendelea hadi mwisho wa 1966, vipindi 193. Hapa badilisha namna ya kutazama. Ukitafuta matone ya Masaoka hutayapata, kwa sababu fedha na muda havikuwepo. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Kina Tezuka walichora nane, kila moja ikapigwa mara tatu. Uso unatulia, mdomo tu unacheza. Angani roboti Atom anaruka kwa michoro ileile aliyorukia wiki iliyopita. Kinachokushika ni hadithi. Daktari Tenma amefiwa na mwanawe katika ajali ya gari, anaunda roboti mwenye sura ya marehemu, anampenda, kisha anagundua kwamba mtoto huyu harefuki. Anamuuza kwa sarakasi. Baba! Anamuuza! Kipindi cha kwanza tu hicho, na kilirushwa saa ambayo watoto wako sebuleni.

Rangi ilianza kuingia kwenye mfululizo wa televisheni mwaka 1965, kwa Jungle Taitei ya Tezuka huyohuyo, kisa cha simba mweupe wa Afrika. Lakini nyeusi na nyeupe haikuondoka siku hiyohiyo, na baadhi ya kazi zake nzuri ni za mwishoni. Dororo ya mwaka 1969 ina baba aliyewauzia mashetani 48 viungo vya mwanawe mchanga ili atawale. Sehemu ya majaribio ilitengenezwa kwa rangi. Tazama hiyo kwanza, halafu mfululizo wenyewe usio na rangi, kisha uniambie usiku upi ulikuwa mweusi zaidi. Watoto chini ya miaka kumi na mbili wakalale.

Kwao wapo majini wapole. GeGeGe no Kitaro ilianza Januari 1968, vipindi 65, kutoka kwenye michoro ya Shigeru Mizuki. Mizuki alipelekwa vitani Rabaul, kwenye visiwa vya Pasifiki, akapoteza mkono wa kushoto kwa bomu, na wenyeji wa kule, Watolai, wakamfanya ndugu. Akarudi kuchora kwa mkono mmoja mizimu ya vijiji vya Japani ambayo miji ilikuwa imeanza kuisahau. Kitaro ni mtoto wa kaburini, jicho moja limefunikwa na nywele. Baba yake ameoza, limebaki jicho tu, ambalo limeota kiwiliwili kidogo ili limlee mwana. Jicho hilo linaoga ndani ya bakuli la chai. Mtoto analimiminia maji ya moto taratibu, na linajiegemeza ukingoni kama mzee aliyetoka shamba. Sijaona kwenye katuni yoyote baba na mwana wakipendana kwa utulivu namna ile.

Sikiliza sauti ya Kitaro. Ni ya Masako Nozawa, yuleyule ambaye baadaye alikuja kuwa sauti ya Goku katika Kijapani. Kitaro iliporudi kwenye televisheni mwaka 2018, miaka hamsini kamili baadaye, Nozawa aliitwa tena. Safari hii alipewa sauti ya baba, lile jicho kwenye bakuli la chai. Tafadhali, msikilize kwanza akiwa mtoto.