Nauli ya Vipande na Maji ya Siyu

Waingereza wana ujanja mmoja wa reli ambao mbanaji matumizi yeyote wa pwani akiusikia atatamani kuuleta kwao. Nauli zao hupangwa kwa kila jozi ya vituo peke yake, na kwa miaka mingi ya kupangwa na kupanguliwa, hesabu zimepotoka kiasi kwamba tiketi moja ya safari nzima huweza kuzidi bei ya tiketi mbili, moja ya kufika mji wa katikati na nyingine ya kuendelea kutoka hapo. Basi abiria hununua hizo mbili. Sharti ni treni isimame kwenye kituo zinapokutana tiketi. Yeye mwenyewe halazimiki hata kuinuka kitini. Tangu Juni 2021, wanaokwenda kazini siku chache tu huuziwa pia siku 8 za kusafiri, wazitumie ndani ya siku 28. Treni iliyo karibu zaidi na Siyu, kisiwani Pate, iko Miritini, Mombasa: uvuke bahari kwanza, kisha upande basi zaidi ya kilomita 300. Lakini ubahili haungoji reli. Mtu wa Siyu mwenye shughuli za hapa na pale Amu, yaani Lamu, keshagundua vipande vyake: bodaboda hadi gati la Mtangawanda, halafu adandie boti ya watu wa Faza au Kizingitini ikipita. Tuseme hesabu yake ni sahihi, na nauli mbili hizo zikijumlishwa ni nafuu kuliko kukodi boti gatini Siyu. Hata hivyo hajaokoa kitu.

Mwingereza amekata karatasi, safari yake ikabaki nzima. Treni ikichelewa, tiketi zake mbili zinahesabiwa safari moja, na fidia anaweza kudai ya njia yote. Wa Siyu hana karatasi ya kukata, kwa hiyo hukata safari yenyewe, na yeye mwenyewe ndiye anayekaa pale ilipokatwa. Nahodha aliyekuchukua kutoka Siyu amebeba pamoja nawe wasiwasi wa maji: chombo kikipwelewa kwenye mikoko, mmepwelewa wote, naye hawezi kukutoza mara ya pili kwa kutazama kaa. Ukivunja safari, wasiwasi huo unauvaa wewe. Boti ikikuacha Mtangawanda, mwenye bodaboda hana deni nawe, na mwenye boti hakujui kwa jina wala kwa sura. Hapo ndipo akiba inapoanza kuliwa, tena kwa maana halisi: chai, mahamri, chai tena kwa sababu mahamri yamebaki, na vocha ya kumpigia simu binamu aliye Kizingitini ambaye hajui lolote kuhusu boti ila ana mengi ya kusema kuhusu arusi. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Aliyekosa chombo cha kurudi hulala kwa jamaa Amu, na hakuna Mswahili aingiaye nyumba ya shangazi mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na mkate vinazidi kile alichookoa, na bado shangazi ataona sukari ni kidogo.

Wako watakaopinga kwamba muda wa asiye na ajira ya kudumu hauna bei, hivyo kungoja si hasara. Muda huenda ukawa bure, lakini tumbo linalongoja halijawahi kuwa bure. Wengine watasema, kwa haki kabisa, kwamba boti ya kutoka Siyu penyewe haipatikani kila siku, na Mtangawanda mara nyingi ndiyo njia pekee. Hapo nakubali, ila basi tusiiite ujanja wa kubana matumizi. Hiyo ndiyo njia, na vumbi lake ni la lazima. Pingamizi lenye uzito ni hili: hata boti ya moja kwa moja hungoja maji, maana mkondo wa Siyu ni wa kina kifupi. Ni kweli. Majeshi ya Sultani Sayyid Said wa Zanzibar yaliiona tabu ya kuijia Siyu katika miaka ya 1840, na msafiri mwenye begi la mgongoni hatatendewa upole zaidi na matope yaleyale. Lakini pingamizi hilo linathibitisha tu kwamba nauli si mahali pa kutafutia akiba. Mwenye bei ni maji.

Na maji, kinyume cha watu wa nauli, hutangaza ratiba mapema. Hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu hujaa kama saa kumi za alfajiri na tena saa kumi za jioni. Ratiba bora kuliko hiyo ya kwenda ofisini haitatungwa: unasali Alfajiri, unatoka na maji, mchana maji yakiwa yamepwa wewe uko kwenye foleni ya Amu, jioni unarudi yamejaa. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa asubuhi katikati, saa ambayo karani ameshaanza kukuuliza ulikuwa wapi, tena hayapandi sana. Chukua siku nne hivi kila bamvua, zinakuwa nane kwa mwezi mmoja. Reli ya Uingereza imefika kwenye hesabu hiyohiyo, nane katika 28, pungufu ya mwezi wa angani kwa siku moja na nusu, nao hawakumuuliza nahodha yeyote.

Mwajiri atasema ofisi haiendeshwi kwa mwezi. Anasahau Idd-ul-Fitr, siku ambayo Jamhuri nzima, mawaziri na mabenki, huufuata mwandamo wa mwezi kuamua kama ni kazi au pilau. Akitaka ushahidi wenye muhuri, Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji la mwaka mzima, na mfanyakazi wa siku chache anaweza kulibandika kwenye barua yake ya maombi, siku zake nane zikiwa zimezungushiwa wino mwekundu.