Yakisoba na Magadi ya Mama

Ujumbe unaoingia kwenye simu ya mzazi Ijumaa jioni huwa hauna heri. Ama ni wa mwenye nyumba, ama ni wa kundi la darasa. Wangu ulikuwa wa darasa. Kufikia Jumatatu kila mwanafunzi awe amepika chakula cha nchi ya kigeni, kisiwe cha pakiti, apigwe picha sita, picha zichapishwe na kubandikwa kwenye karatasi ya manila. Wazazi arobaini wakajibu "Asante sana mwalimu." Nami nikajibu hivyo hivyo. Unafiki umo ndani ya karo.

Tangu mtaala mpya wa shule uingie nimeshona mwanasesere, nimetengeneza ngoma kwa mkebe wa rangi, na nimesimamisha sanamu ya kutishia ndege hapa orofa ya nne Parklands, ambapo ndege wa pekee tunaowaona ni zile zinazotoka uwanja wa Wilson. Kwa hivyo hili la chakula niliona ni jepesi. Uganda ni nchi ya kigeni. Matoke yako soko la City Park, hatua chache kutoka hapa. Tutachemsha, tutapiga picha, tutalala.

"Baba, mimi nishaandikisha Japani," akasema binti yangu.

Kosa ni la katuni. Mtoto huyu wa Gredi ya 7 anatazama katuni za Kijapani hadi usiku wa manane, na katika katuni hizo hakuna anayekwenda vitani kabla hajamaliza bakuli la tambi. Alizozitaka yeye zinaitwa yakisoba: tambi zinazokaangwa juu ya bamba la chuma pamoja na kabeji, karoti na nyama ya nguruwe, kisha zikamiminiwa sosi nyeusi. Huko kwao huuzwa kwenye sherehe za mitaani kama sisi tunavyouza mutura.

Nikaanza na jina, kwa sababu mimi nikishikwa kwa nguvu lazima nitafute kosa mahali. "Yaki" ni kuchoma au kukaanga, sina ugomvi. "Soba" ni aina ya nafaka, na pia tambi za unga wake. Sasa kwenye yakisoba nafaka hiyo haimo kabisa! Ni unga wa ngano mtupu. Ni kama kuuziwa uji wa wimbi usio na wimbi, na muuzaji asione haya. Nilimweleza binti yangu kwa kirefu. Akaniuliza kama nimemaliza.

Jumamosi asubuhi nikaenda Westlands kwenye duka kubwa lenye rafu ya vyakula vya ng'ambo. Tambi zenyewe nilizipata: gramu 200, shilingi 640. Nilizirudisha pale kwenye rafu kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto wa wenyewe. Nikanunua spageti. Nikachukua pia sosi ya soya, na chupa ya Lea & Perrins, kwa maana mapishi yalisema sosi ya yakisoba ni mtoto wa sosi ya Worcester. Hapo nilicheka peke yangu hadi mlinzi akanikaribia. Yaani Mwingereza kaanza kuuza sosi hii mwaka 1837, Mjapani kaionja, kaiga, kaongeza matunda na mboga ikawa nzito na tamu, kisha kaimwaga kwenye tambi. Sisi Mwingereza alitukalia miongo na miongo, na sosi yake tumeiacha rafuni ikipigwa vumbi.

Nyumbani nikamkuta Mama ameamka. Lazima nieleze. Ukiishi Parklands nyumba yako ni wodi ya ziada. Hospitali zimetuzunguka, Aga Khan huku, M.P. Shah kule, na kila jamaa wa Kakamega mwenye goti linalolia huja na mkoba wake "kwa siku mbili tu." Mama alikuja kwa kliniki ya macho. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu, na macho yanaona vizuri sana, hasa makosa yangu.

"Unapika nini na simu mkononi?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamweleza pia shida iliyokuwa imenikwamisha: video ilisema tambi za yakisoba huwa za manjano na hunesa mdomoni kwa sababu unga wake hukandwa kwa maji yanayoitwa kansui, na kwamba asiye nayo achemshe spageti kwa soda ya kuokea. Soda sikuwa nayo. Mama akaninyang'anya simu, akaisogeza mbali na uso, akaitazama kama risiti ya duka asiloliamini.

"Hiyo kansui ni nini?"

Nikasoma: kaboneti ya sodiamu na kaboneti ya potasiamu.

"Kwa Kiswahili."

Hapo ndipo nilipokwama, maana kwa Kiswahili, jibu lilikuwa ndani ya mkoba wake. Kaboneti ya sodiamu ndiyo kiini cha magadi. Magadi haya haya ya mrenda na maharagwe, yanayotoka kwenye ziwa lenye jina hilo kule Kajiado, ambayo Waingereza waliyaundia kampuni mwaka 1911 na kuyajengea reli kutoka Konza ili yakatengenezwe vioo. Na kaboneti ya potasiamu? Choma maganda makavu ya maharagwe, weka majivu kwenye chombo chenye matundu, mwagia maji, kinga yanayodondoka chini. Waluhya huyaita musherekha. Mama amekuwa akinilisha nusu mbili za kansui tangu sina meno, nami nimevuka hadi Westlands kuzitafuta kwenye rafu ya vyakula vya ng'ambo.

Hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha magadi kilichofungwa kwa gazeti, akakitumbukiza kwenye sufuria. Kipande chote. Kwa vipimo vya Mama, sufuria ni sufuria, iwe ya watu wanne au ya matanga.

Maji yakafura povu, yakapanda kama kiti cha kinyozi, yakamwagika, yakazima jiko. Spageti zikawa manjano kweli, manjano ya matatu ya zamani, kisha zikaanza kulegea, na nilipozigusa kwa uma zikageuka uji. Kazi ya magadi ni kulainisha, na hayabagui. Uji huo ulikuwa na ladha ya sabuni ya kipande. Pakiti ya pili nilipima mwenyewe, kijiko kidogo cha unga wa magadi, na dakika chache tu, Mama akiwa amenipa mgongo kwa kuudhika. Na zikatoka! Za manjano, ngumu kiasi, zinanesa. Naomba iandikwe mahali.

Binti yangu akapiga picha ya kwanza. Uji alikuwa ameupiga pia, bila ruhusa.

Sasa kuhusu muda. Kila video ya mapishi husema dakika 15, na kila mpishi wa video ana kabeji iliyokwisha kukatwa ndani ya bakuli dogo, karoti ndani ya bakuli dogo, vitunguu ndani ya bakuli dogo. Nani alikata? Nani ataosha mabakuli? Mimi kukata kabeji peke yake kulinichukua dakika 20, na plasta moja. Chipukizi za ndengu nilinunua City Park, na hizo nusura zisifike, maana kima mmoja alishuka kwenye mti, akaukagua mfuko wangu kama ofisa wa forodha, akaona ni majani, akauacha kwa dharau.

Nikaweka karai motoni. Neno la wok silitaki; Parklands tuna karai, tumefundishwa na majirani zetu Wahindi, na ni chombo kile kile. Mafuta yakafuka moshi kama video ilivyotaka. Nikatia vitunguu. Gesi ikaisha.

Nikapiga simu. Kijana wa gesi akasema yuko njiani, kisha yuko getini, kisha yuko getini tangu zamani, na mimi niko getini simwoni. Alikuwa Avenyu ya Nne. Sisi ni Avenyu ya Tatu. Waliopanga mtaa huu waliishiwa na majina wakaanza kuhesabu, na tangu hapo hakuna mtungi wa gesi uliofika siku yake.

Alipofika, ule moshi wa mwanzo ulikuwa umeshuka ngazi na kumleta jirani wa orofa ya tatu, bibi wa Kigujarati ambaye jengo zima tunamwita Ba. Usimdhanie. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake hunifanya mimi nitamani kujificha nyuma ya jokofu.

"Mwanangu, waunguza nyumba ama wapika?"

"Napika, Ba. Tambi za Kijapani."

Akachungulia karai. "Na sukari i wapi? Na iliki? Tambi zakaangwa, zatiwa nazi na sukari, zaliwa asubuhi."

Nyama ya nguruwe ilikuwa kwenye mfuko mweusi mezani, nikaisukuma kwa kiwiko hadi nyuma ya kibaniko cha mkate. Ba hali nyama, na katika jengo hili harufu husafiri kuliko habari. Akaichukua chupa ya sosi, akaninyooshea nimsomee maandishi madogo. Nikasoma: siki, molasi, sukari, ukwaju, na samaki wadogo aina ya anchovi.

"Dagaa?" akauliza Ba.

"Dagaa wa Ulaya," nikakiri.

Akaiweka chini, akafuta vidole. Alishuka kwake akarudi na mtungi wa chatini ya ukwaju, sukari guru na siki. Akachanganya na sosi yangu ya soya, akaonja, akaongeza, akaonja. Mama, aliyekuwa amesusa, akasogea kuona. Wakaanza kuzungumza juu ya magadi, Ba akisema kwao hutumia kwenye papadi na gathia, Mama akieleza musherekha, wote wawili wakiwa mbele ya jiko langu, na mimi nimesukumwa hadi mlangoni nikishika kijiko cha mbao kama shemasi. Mjukuu wa Ba alipopanda kumtafuta, alionja akasema, "Ah, Hakka noodles, kama za Diamond Plaza." Mke wangu aliporudi kazini akauliza ni nani aliyepika Indomie nyingi hivi.

Zilikuwa tamu. Nalisema kwa uchungu. Nguruwe alibaki kwenye friji, na sosi ya Mwingereza imerudi kupigwa vumbi, mara hii nyumbani kwangu.

Usiku nikamshushia soja wa getini sahani yake. Hakuwa na uma. Alikuwa na nusu mkate na chai. Akaupasua mkate ubavuni, akashindilia tambi ndani, akauma. Nilicheka, maana wanga ndani ya wanga ni mambo yetu ya kuchanganya chipsi na chapati. Binti yangu akapiga kelele na kutoa simu. Kumbe Japani hicho ni chakula kamili, kina jina, yakisoba-pan, kinauzwa madukani na watoto wa shule hukipigania. Soja akakaa wima apigwe picha, kofia juu.

Jumapili mtu wa saiba alisema wino wa rangi umekwisha. Picha zote sita zikatoka nyeusi na nyeupe, tambi zangu za manjano zikaonekana kama nyaya za stima.

Jumanne alama zikaja. Kukaribia Matarajio. Chini yake mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Picha ya 1 hadi ya 5 si chakula cha Kijapani. Picha ya 6 ni sahihi kabisa." Karatasi ya manila sasa imebandikwa ndani ya kibanda cha getini. Ukija kwetu soja atakuonyesha kabla hujaandika jina kwenye kitabu cha wageni.