Namna ya Kumpokea Mla Kaa wa Mida

Ukitaka kumwona Dromas ardeola, ndege mla kaa, usimtafute. Mpokee. Huyu ni mgeni wa heshima: katika familia yake ya kisayansi yumo peke yake, hana ndugu wala binamu, naye hutujia kutoka pwani za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Basi twende kwa adabu.

1. Jua msimu. Majahazi ya kule yalingoja kaskazi ivume. Yeye hangoji: huanza kufika Agosti, kusi ikimvumia usoni, na hukaa hadi Aprili. Ukija Juni, wengi wamekwenda kwao kutaga.

2. Uliza maji. Ukifika Mida, karibu na Watamu, muulize mvuvi leo mwezi ngapi. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na ndege hutawanyika hata wakawa vitone vyeupe. Ingia kibandani, mwisho wa daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, saa saba mchana. Maji yakipanda, tope hupungua, na mgeni husogezwa kwako bila wewe kunyanyua mguu.

3. Lipa ada kwa moyo mkunjufu. Fedha ya daraja huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke.

4. Vaa kama mkoko. Rangi ya majani au ya tope inatosha. Kanzu ya Ijumaa ibaki sandukuni, na simu inyamaze.

5. Mtambue kwa mwendo. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama patasi. Yangeyange huvizia kwa kunyemelea. Huyu hukimbia hatua chache, akasimama ghafla, akakimbia tena. Kaa akichelewa kidogo tu mlangoni pa shimo lake, patasi imeshashuka. Nilimtazama mmoja akimtikisa kaa hadi gando likachomoka, kisha la pili, ndipo akameza kiwiliwili na kunywa maji kidogo, kama mtu aliyeshiba pilau.

6. Usimrushe. Hata kama picha imekosa shingo, keti. Kila akiruka kwa hofu huchoma mafuta anayoyaweka kwa safari ya kurudi, na maji yakijaa hana pengi pa kutua.

7. Mngoje mtoto. Kwao, wazazi huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu jeupe. Joto la mchanga huwasaidia kuatamia. Kifaranga huyo mmoja husafiri na mzazi hadi kwetu. Mtafute mwenye rangi ya kijivu, ameinama, analia kama filimbi nyuma ya mkubwa. Miezi imepita, bahari imevukwa, na bado anaomba kaa. Mzazi humpita kama hakusikia, hukimbia, husimama, huchoma tope, kisha hurudi na kaa aliyekwisha kung'olewa magando.

Ukiliona hilo, mpe darubini aliye karibu nawe, upesi, kabla maji hayajalifunika tope.